Kunyoosha hausingi ya difu: kipimo kwanza, jeki baadaye

Watu wengi huamini kwamba alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu, ni ya magurudumu ya mbele tu, hivyo tairi la nyuma likiliwa upande mmoja, lawama huangukia tairi lenyewe au shokamzoba. Kwenye gari lenye ekseli ngumu nyuma, yaani mhimili mmoja mzima unaobeba magurudumu yote mawili, kama vile pikapu ya Hilux, pembe ya gurudumu la nyuma haina boliti ya kurekebishia. Ikiwa imehama ilhali rimu na shafti ni nzima, kilichopinda ni hausingi, yaani ganda la chuma la ekseli linalobeba shafti na difu (gia za katikati zinazozungusha magurudumu).

Dhana inayoharibu kazi kuliko zote ni kwamba jeki kubwa na mnyororo mnene vinatosha kunyooshea. Nguvu haikosekani gereji. Kinachokosekana ni kipimo. Chombo chenyewe ni fimbo ya chuma iliyonyooka barabara, yenye kipenyo cha milimita 38 hivi, pamoja na visahani vinne vilivyokerezwa: viwili hukaa kwenye vikao vya beringi za difu, ambayo hufungwa tena mahali pake ikiwa tupu bila gia, na viwili hukaa kwenye ncha za hausingi. Fimbo ikipenya vyote vinne na kuzungushwa kwa vidole bila kukwama, hausingi imenyooka.

Wapo wanaodhani kwamba bomba la maji linaweza kushika nafasi ya fimbo hiyo. Haliwezi, kwa kuwa bomba halikunyooka barabara. Hata fimbo yenyewe, ikiwa na urefu wa mita 1.6 na kushikiliwa kwenye ncha mbili tu, hulala katikati kwa uzito wake kiasi cha theluthi moja ya milimita. Ndiyo maana fimbo hubebwa na visahani vya difu. Kisahani nacho kikerezwe tundu na ukingo wa nje bila kufunguliwa kwenye mashine, kwani kikifungwa upya vitovu vya duara hizo mbili havilingani tena, na kosa hilo utalisoma kana kwamba ni la hausingi.

Kuhusu kunyoosha kwa moto wa gesi, wengi hupasha moto upande wa ndani wa mahali palipopinda. Panapofaa ni upande wa nje, uliotuna: chuma cha moto hutaka kutanuka, kikabanwa na chuma baridi kinachokizunguka, kikanenepa, kisha kikipoa husinyaa na kuivuta hausingi irudi. Kwa hiyo kipimo kilichochukuliwa kabla haijapoa kabisa hakiaminiki, na kumwagia maji ili kuharakisha ni hatari, kwani chuma kinaweza kuwa kigumu na chepesi kupasuka. Anayevuta kwa jeki bila moto naye avuke kidogo mstari ulionyooka, kwa sababu chuma hurudi nyuma kinapoachiwa.

Wengine huchomelea bamba la kuimarisha wakiamini litaishikilia hausingi ibaki imenyooka. Kila mshono unapopoa huivuta upande wake, hivyo bamba huchomelewa kwa vipande vifupi vinavyopishana, na fimbo hupitishwa tena kila kipande kikishapoa.