Kuajirika si kuajiriwa: wanafunzi wanapokaa kupitia masomo yao

Muulize kijana aliyemaliza chuo hapa Lubumbashi kama anaajirika, atakujibu: "Kazi iko wapi?" Amejibu swali jingine. Kiswahili chenyewe kinayatenga mambo haya mawili kwa silabi moja. Bukari, yaani ugali, inayolika si lazima iwe imeliwa. Imeiva, iko mezani, inangoja mkono. Barabara ya Likasi inapitika hata saa ambayo hakuna gari linaloipita. Kuajiriwa kunategemea bei ya shaba, ndugu aliye ofisini, na bahati. Kuajirika ni kuwa na maarifa, ufundi na mwenendo wa kazini, ije kazi ya mtu au uanzishe yako. Chuo hakiwezi kukuahidi la kwanza. Kwa la pili, kina haki ya kuulizwa.

Stadi za kuajirika ziko za fani na zile zinazohama nawe popote. Mwanajiolojia asome ramani ya miamba, mhasibu afunge vitabu: hizo ni za fani. Lakini wote wawili watatakiwa kuandika ripoti ya ukurasa mmoja ambayo bosi ataielewa, kutumia jedwali la kompyuta, kufanya kazi na mtu wasiyempenda, na siku moja huenda wakalazimika kuelewana kwa Kiingereza na mtu wa malori kule Kasumbalesa, mpakani na Zambia.

Mapitio, basi, ni kuipitia programu nzima ya masomo na kuuliza kila stadi inapatikana wapi. Kwa kawaida kazi hii hufanywa na maprofesa peke yao, na wao huanzia kwenye karatasi. Karatasi haidanganyi, ila haijui yote. Mimi mwenyewe nilisoma somo la kompyuta ubaoni. Tulinakili fomula, tukazikariri, tukafaulu. Siku ya kwanza ya staji, mafunzo ya kazini, nikapewa mashine, nikatafuta kitufe cha kuiwasha kwa dakika kadhaa huku katibu akijifanya haoni. Kwenye programu, somo lile lilikuwepo, na saa zake zilitimia.

Ndiyo maana mwanafunzi anahitajika mezani. Njia rahisi ninayoipenda ni jedwali: kila mstari somo, na safu tatu za kutia alama. Tulifundishwa. Tulifanya kwa mikono yetu. Tulipimwa. Tuseme somo la takwimu lina alama tele kwenye safu ya kwanza na ya tatu, na katikati ni peupe. Hapo hakuna haja ya hotuba. Idara inaanza kuuliza: ni ukosefu wa mashine, au wanafunzi mia tatu kwenye ukumbi mmoja, au hakuna aliyefikiria?

Kwetu Kongo maswali haya yana uzito zaidi tangu mfumo wa LMD, yaani lisansi, masta na udaktari. Zamani ilikuwa gradua ya miaka 3, kisha lisansi ya miaka 2. Sasa lisansi ni miaka 3 yenye krediti 180, na krediti inahesabu pia kazi anayoifanya mwanafunzi nje ya ukumbi. Ni nani atakayekueleza kazi hiyo ilifanyika au la, kama si aliyeifanya? Ulaya wamelikubali jambo hili kimaandishi: viwango vya ubora vilivyopitishwa Yerevan mwaka 2015 vinataka wanafunzi washiriki kubuni programu, na jopo la wakaguzi wa nje liwe na mwanafunzi ndani yake.

Kushiriki nako kuna ngazi. Mmarekani Sherry Arnstein, akiandika mwaka 1969 kuhusu wananchi na mipango ya miji, alichora ngazi ya vipago vinane, cha chini kabisa kikiwa kumtumia mtu kwa hila ili ionekane ameshirikishwa. Kumwita CP, shefu wa promosio, yaani kiongozi wa darasa, asaini waraka ulioandikwa jana, ni kipago hicho. Fomu ya "umeridhika?" iko juu kidogo tu. Kuanzia mahali ambapo mwanafunzi anaweza kusema "hili libadilike" na akajibiwa kwa maandishi, hapo ushirika umeanza.

Lakini mwanafunzi naye asifanywe nabii. Wa mwaka wa pili hudharau nadharia atakayoililia akiwa masta, na wengine wangefuta falsafa kesho. Kwa hiyo waitwe pia waliomaliza mwaka mmoja au miwili iliyopita, hata yule anayebadilisha dola barabarani. Yeye anajua ni nini alikikosa.

Na jedwali lijazwe baada ya matokeo kutangazwa, bila majina. Kabla ya hapo, safu zote tatu zitajaa alama, kwa kuwa hakuna anayetaka kugusa alama zake za mtihani.