Mfuko wa kulalia mwepesi: yanayosemwa Goma na yanayotokea mlimani usiku

Mama mwenye meza ya mitumba pale Birere, mjini Goma, alinikunjulia mfuko wa kulalia wa kijani, akauinua kwa vidole viwili ili nione ulivyo mwepesi. "Papa, hii njo ya mulima. Angalia, iko naonesha moins vingt!" Na kweli, kwenye kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani paliandikwa −20. Paliandikwa pia namba mbili ambazo kidole chake hakikuzifikia: +2 na −4. Simlaumu. Hata vijana wenye mazoea ya milima husoma kitambaa hicho kama yeye, na maneno ninayoyasikia kila wanapojiandaa kwa safari ni yaleyale.

"Namba kubwa ya baridi ndiyo uwezo wa mfuko"

Nianze na hili kwa sababu ndilo linaloumiza wengi. Namba hizo tatu hutokana na kanuni ya Ulaya ya mwaka 2002, EN 13537, ambayo mwaka 2016 ilipokewa na kanuni ya kimataifa, ISO 23537. Sanamu yenye umbo la mtu, iliyowekewa vipasha joto na vipimo mwilini, huvishwa nguo ndefu za ndani na soksi, ikalazwa ndani ya mfuko juu ya mkeka katika chumba cha baridi. Wapimaji huangalia inahitaji nishati kiasi gani ili ibaki na joto la mtu.

Namba ya kwanza ni ya raha: baridi ambayo mwanamke wa kawaida hulala nayo usiku kucha akiwa amejinyoosha. Ya pili ni ya mpaka: mwanamume wa kawaida, amejikunja kama mtoto tumboni, hulala bila kuamshwa na baridi. Ya tatu haihusu usingizi kabisa. Inasema mwanamke wa kawaida anaweza kustahimili saa sita bila kufa, huku mwili wake ukiwa hatarini kupoa kupita kiasi. Ndiyo hiyo −20 ya mama wa Birere.

Na huyo "wa kawaida" ni nani? Mwanamume wa kanuni ana miaka 25, kilo 73 na urefu wa mita 1.73, mwanamke ana miaka hiyohiyo, kilo 60, mita 1.60. Mimi nimeshapita arobaini na kilo zangu ni za mwanamke wa kanuni, kwa hiyo nasoma namba ya kwanza tu na nyingine nazichukulia kama mapambo. Ukikuta mfuko wenye namba moja pekee bila maelezo, usidhani ni ya raha. Mtengenezaji asiyesema ni ipi mara nyingi amechagua inayompendeza yeye. Tena ni namba ya mfuko mpya. Uliokwisha kukunjwa na kulaliwa miaka kumi huko ulikotoka, kisha ukabanwa kwenye balo hadi huku, hauwezi kuwa na joto lile.

"Sisi ni watu wa ikweta, na Nyiragongo yenyewe ni moto"

Maneno mawili, jibu moja. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa Nyiragongo, volkano yetu, uko mita 3,470. Hewa hupoa kwa wastani wa digrii 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Fanya hesabu: mita elfu mbili ni digrii 13. Ukiacha digrii 15 za usiku wa Goma chini, juu utakuta mbili, na hapo upepo bado hujauweka. Enzi zile watu walipokuwa wakipanda kuangalia ziwa la lava, kabla ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021, moto wenyewe ulikuwa mamia ya mita chini ndani ya shimo. Ulimulika mawingu yakawa mekundu, lakini haukumkausha mtu hata soksi.

Anayesema baridi ni ya wazungu asimuliwe habari za Karisimbi, mlima wenye mita 4,507. Mwaka 1908 msafara wa mwanajiolojia Mjerumani Egon Kirschstein ulikumbwa huko na dhoruba ya mvua ya mawe na theluji, na wapagazi wake 20 wakafa. Hawa walikuwa Waafrika, hapa hapa kwetu, chini kidogo ya mstari wa ikweta.

Lakini pia usiruke upande wa pili ukanunua mfuko wa Himalaya. Kahuzi ina mita 3,308, Idjwi ni kisiwa cha ziwa, na hata Lubumbashi ya mwezi wa saba, ambako usiku hushuka chini ya digrii 10, haihitaji hayo. Mfuko mzito kupita kiasi utakutoa jasho saa nne za usiku, jasho litaingia kwenye vinyoya vilivyojazwa ndani yake, na saa tisa utalala ndani ya unyevu wako mwenyewe. Kwa milima yetu mingi, raha ya digrii 0 au +2 inatosha.

"Ukiwa na mfuko mzuri, unaweza kulala popote"

Hapa nina kisa changu. Usiku wangu wa kwanza juu ya Nyiragongo niliazima mfuko mnene ajabu, nikautandika juu ya turubai. Rafiki yangu alikuwa na mfuko mwembamba uliochakaa, ila alibeba kipande cha sponji ngumu, kipana kama mabega yake. Tulikuwa tumetoka Kibati, chini ya mlima, asubuhi, tukanyeshewa njiani, tumechoka sote sawasawa. Saa tisa za usiku yeye alikuwa anakoroma. Mimi nilikuwa najigeuza kama hindi juu ya makaa: kifua moto, nyonga baridi; nikigeuka, nyonga inapata nafuu na bega linaganda. Nilipapasa mfuko kwa juu, umeumuka vizuri, unene wa shibiri. Kwa chini, mahali nilipoulalia, ulikuwa kama shuka mbili.

Mfuko hauna joto lake. Joto ni la kwako. Mfuko unazuia tu lisikimbie, na kinachozuia si manyoya wala nyuzi bali hewa iliyonaswa katikati yake. Chini ya mgongo uzito wako unaifukuza hewa hiyo, na ardhi inakunyonya bila kizuizi. Ndiyo maana mkeka si anasa. Mikeka hupimwa kwa kipimo cha R, yaani jinsi inavyozuia joto lisipite, na R kubwa ndiyo bora: mkeka wa sponji ngumu wa gramu 400 hivi huwa na R ya 2, na godoro la kupuliza lisilo na kitu ndani zaidi ya hewa huwa chini ya hapo, ingawa linaonekana nene na la kifahari. Hewa ya humo inazunguka, inabeba joto na kulipeleka chini. Uzuri wa R ni kwamba inajumlishwa, mkeka wa 2 juu ya mkeka wa 2 ni 4.

Rafiki yangu alipoamka kukojoa akanikuta nimekaa. Hakuniuliza kitu. Alimwaga vitu vyote vya mkoba wangu pembeni, akauingiza mkoba mtupu chini ya miguu yangu, na kamba na koti la mvua chini ya nyonga. Nililala saa mbili zilizobaki. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia ana dola za kununua mfuko, namuuliza kwanza atalalia nini.

Ni hiyohiyo hewa iliyonaswa inayowafanya watengenezaji wa vifaa vyepesi kuuza aina ya blanketi lisilo na mgongo, lenye mfuko wa miguu tu, linalofungwa kwa kamba kwenye mkeka. Wanasema, kama sehemu ya chini haifanyi kazi, ya nini kuibeba? Wana haki. Kwa anayelala ametulia linafaa sana. Mimi najigeuza mno, na upepo wa ukingoni huniingia kiunoni.

"Vinyoya vya 900 vina joto kuliko vya 600"

Namba hii nayo inadanganya asiyeijua. Haipimi joto la mfuko. Inapima jinsi vinyoya vya bata vinavyoumuka. Vinyoya vya 800 maana yake aunsi moja, gramu 28 hivi, hujaza inchi za ujazo 800, yaani lita 13. Fikiria bidoni ya njano ya lita 20 tunayochotea maji: vinyoya vyenye uzito wa barua mbili tatu vinaipita nusu. Ni ajabu, nakubali.

Ila mfuko una gramu ngapi za hivyo vinyoya? Gramu 300 za vinyoya vya 900 huumuka kufikia lita 156. Gramu 500 za vinyoya vya 600 hufika lita 173. Huo wa pili, wa bei nafuu, ndio wenye joto zaidi kama mifuko imekatwa sawa; umezidi tu uzito wa gramu 200. Kwa hiyo tafuta namba zote mbili, na ukiambiwa moja tu, uliza nyingine.

Kuhusu ugomvi wa vinyoya na poliesta, watu hupigana bure. Mfuko wa vinyoya wenye raha ya digrii 0 hupatikana kwa gramu 900 hivi. Wa poliesta wenye joto hilo ni kilo moja na nusu na kuendelea, na unashika nafasi kubwa mkobani. Vinyoya vikilowa vinasinyaa kama kuku aliyenyeshewa. Poliesta ikilowa inabakiza sehemu ya joto lake na inakauka upesi, ila ikibanwabanwa inachakaa mapema. Mimi nabeba vinyoya, nimevifunga ndani ya nailoni mbili nzito. Mdogo wangu, ambaye hupoteza hata viatu, nilimnunulia poliesta.

"Mwepesi ni mwepesi kwa sababu ya ufundi"

Kidogo tu. Mara nyingi ni kwa sababu ya vilivyoondolewa: zipu imekatwa nusu, kola ya kuzuia upepo shingoni haipo, mabega yamebanwa, kitambaa ni chembamba hadi unaona vinyoya kwa ndani. Hakuna ubaya, mradi ujue. Mwenye mabega mapana akiingia kwenye mfuko mwembamba anaubana kutoka ndani, na hewa ileile inatoka. Kinyume chake, mfuko mpana wa "watu wawili" kwa mtu mmoja ni chumba kikubwa cha kupasha kwa jiko dogo. Uingie, ufunge zipu, ukunje magoti pale pale sokoni. Watacheka, waache wacheke.

"Ufue kama blanketi"

Nilifanya hivyo kwa sabuni ya unga, kisha nikauanika juu ya mawe ya lava uani, kama tunavyoanika nguo zote Goma. Sabuni kali inaondoa mafuta yanayofanya vinyoya viumuke. Na mawe yetu yana meno. Nilipouvuta ukachanika urefu wa kiganja, na watoto wa jirani walifukuza vinyoya hadi barabarani. Sasa natumia sabuni ya maji isiyo kali, sikamui, nauinua kwa mikono miwili kutoka chini maana ukiwa umelowa mishono yake inakatika kwa uzito, nauanika kivulini juu ya shuka siku tatu nne huku nikifikicha madonge. Nyumbani hautunzwi kwenye kifuko chake kidogo. Wangu umening'inia nyuma ya mlango.

Mengine kwa haraka. Kasiksi haipashi joto: pombe inafungua mishipa ya ngozi, unajisikia moto wakati damu inapeleka joto nje. Kulala uchi ili "mfuko ufanye kazi" ni hadithi tu. Nguo kavu zinaongeza joto, mradi zisiubane mfuko kwa ndani. Usifunike pua na mdomo, pumzi ni maji. Kula kabla ya kulala, ukojoe, kisha uingie ungali na joto la kutembea.

Nirudi Birere. Niliushika mfuko wa kijani dhidi ya jua: vyumba viwili vya kifuani vilikuwa vinapitisha mwanga, vinyoya vimekimbilia pembeni. Niliunusa, haukuwa na ukungu. Nikafikicha, vinyoya vikarudi katikati polepole. Kwa raha ya +2 ungenifaa, kama wepesi wake ulikuwa wa kweli. Mama hana mizani, ikabidi tuende kwa jirani yake anayeuza maharage. Yule papa akaupokea kwa mikono miwili, akauweka kwenye sahani, akasubiri mshale utulie: kilo moja na gramu mia mbili. Akautazama, akanitazama.

"Na hii inaivaka na makaa ngapi?"