Skrini ya kubebeka: kabla ya kutazama kioo, tazama tundu la laptopu

Skrini ya kubebeka ni kioo chembamba, mara nyingi cha inchi 13 hadi 16, kinachounganishwa na laptopu kwa waya ili kukuongezea nafasi ya kufanyia kazi. Haina kompyuta ndani yake, na nyingi hazina hata betri. Picha inatoka kwenye laptopu, na mara nyingi umeme pia. Mhasibu hufungua ankara upande huu na jedwali lake la hesabu upande wa pili. Mfasiri huweka matini kushoto na tafsiri kulia. Kazi ikiisha, skrini inafunikwa kwa jalada lake na kuingia kwenye begi lilelile la laptopu. Monita ya mezani, yenye plagi yake ya ukutani, haiwezi safari hiyo.

Kwa kuwa inaitegemea laptopu kwa karibu kila kitu, swali la kwanza la mnunuzi halihusu skrini yenyewe. Linahusu tundu lililo ubavuni mwa laptopu aliyonayo. Nalisisitiza hili kwa sababu matangazo huanza na wembamba, rangi na ukubwa. Mtu analipa, anafika nyumbani, anachomeka, na kioo kinabaki cheusi ilhali hakina ubovu wowote.

Tundu la USB-C, lile dogo ambalo waya wake huingia upande wowote, lilitoka mwaka 2014. Umbo lake ni moja, uwezo wake ni tofauti tofauti. Ndani yake mna pini 24: nyingine za umeme, nyingine za data ya kawaida, na nyingine zimepangwa kuwa jozi nne za njia za kasi. Mwaka huohuo VESA, shirika linaloweka viwango vya skrini, lilitangaza utaratibu wa kuzifanya njia hizo za kasi zibebe picha. Kwenye maelezo ya laptopu utaukuta kwa jina la DP Alt Mode, DP ikiwa kifupi cha DisplayPort, njia ya VESA ya kubeba picha. Laptopu yenye utaratibu huo hutoa picha na umeme kwa waya mmoja. Isiyokuwa nao ina tundu la sura ileile kabisa, linahamisha mafaili na pengine linachaji, lakini picha haitoki.

Chunguza alama iliyo kando ya tundu. Mchoro wa radi wenye mshale chini ni Thunderbolt, muunganisho wa kasi unaobeba data na picha pamoja, na hapo picha itatoka bila wasiwasi. Herufi D iliyokumbatia P ni DisplayPort, nayo inatosha. Mchoro wa betri unahusu kuchaji tu. Pasipo na alama yoyote, tafuta jina kamili la modeli kwenye ukurasa wa mtengenezaji na usome sehemu ya matundu. Usimwachie muuzaji akujibu kwa kichwa. Simu nazo ziko hivyohivyo: iPhone 15 ya mwaka 2023 hutoa picha kwa USB-C, lakini simu nyingi za bei ya kawaida zenye tundu hilo hazitoi.

Waya nao una siri yake. Skrini ya pikseli, yaani nukta za picha, 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi ya milioni 2. Kila pikseli inahitaji biti 24 za rangi, na picha nzima inachorwa upya mara 60 kwa sekunde. Zidisha, unapata karibu biti bilioni 3 kila sekunde. Waya wa USB-C uliokuja na chaja ya simu kwa kawaida ni wa USB 2.0, ambao mwisho wake ni biti milioni 480, na zile njia za kasi hazimo kabisa. Utachaji vizuri, lakini picha hauwezi kuibeba. Tumia waya uliokuja na skrini yenyewe, uutie alama, na usiuchanganye na wa simu.

Wengi wetu, Kariakoo hata Nairobi, tunanunua laptopu zilizokwisha kutumika ofisini ng'ambo, na hapo mambo yanabadilika. Kwa mfano, Dell Latitude E7470 haina USB-C, ina HDMI, tundu la picha kama lile la televisheni. HP EliteBook 840 G3 haina HDMI, ina DisplayPort kubwa na VGA, tundu la picha la zamani. Zote mbili zinaweza kuendesha skrini ya kubebeka, mradi skrini hiyo iwe na tundu la mini HDMI. Kwa Latitude unahitaji waya wenye HDMI upande mmoja na mini HDMI upande wa pili. Kwa EliteBook unaongeza adapta ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI. Soma mwelekeo wake kabla ya kulipa, maana adapta hizi za bei ndogo hufanya kazi upande mmoja tu.

Ukitumia HDMI, umeme wa skrini lazima upitie waya wa pili, kwa sababu HDMI haina nguvu ya kuwasha kioo. Watu wengi huuchomeka waya huo kwenye USB ya kawaida ya laptopu. Kwa kanuni, tundu la USB 2.0 hutoa wati 2.5, la USB 3.0 wati 4.5, na skrini ya inchi 15.6 ikiongezwa mwangaza inaweza kutaka wati 8 au zaidi. Ndiyo maana inawaka, inacheza, halafu inazima. Kasoro hiyo huchukuliwa kuwa ya kioo, na skrini nzima hurudishwa dukani, wakati dawa yake ni chaja ya simu yenye nguvu ya kutosha au pawabenki.

Umeme huo pia una hesabu yake siku ya mgao. Chukua betri ya wati-saa 50 na laptopu inayokula wati 10: una saa 5. Ongeza skrini ya wati 8 inayonyonya kutoka betri hiyohiyo, unabaki na chini ya saa 3. Skrini nyingi za USB-C zina matundu mawili, na unaweza kuchomeka chaja ya laptopu kwenye skrini, nayo ikapitisha umeme hadi kwenye laptopu. Kwa laptopu yenye tundu moja tu la USB-C, mimi naona uwezo huu ni wa lazima, ila uliza wati ngapi zinapita.

Kuna njia ya tatu, DisplayLink. Programu maalumu inaibana picha na kuipitisha kwenye USB ya kawaida. ASUS MB168B ilifanya kazi hivyo kwa waya mmoja wa USB 3.0, ikiwa na pikseli 1366 kwa 768. Kwa maandishi na majedwali inatosha, lakini inaichosha prosesa, na video zinaweza kukwamakwama. Njia hii pia huwasaidia wenye MacBook Air ya M1, ambayo kwa kawaida hukubali skrini moja tu ya nje.

Baada ya haya ndipo uje kwenye kioo. Kwa inchi 14 hadi 16, pikseli 1920 kwa 1080 au 1920 kwa 1200 zinatosha. 4K, yaani pikseli 3840 kwa 2160, kwenye kioo kidogo namna hii inakula umeme na kukulazimisha kukuza maandishi. Chagua paneli ya IPS, ili ukiitazama kwa pembeni rangi zisigeuke. Mwangaza hupimwa kwa niti. Niti 250 zinafaa ndani ya chumba, lakini barazani mchana wa pwani hutaona kitu. Tafuta 400 na kioo kisichoakisi. Neno HDR, yaani picha yenye tofauti kubwa ya mwanga na giza, kwenye skrini ya niti 250 lipuuze, hakuna mwangaza wa kulitimiza. Anayehariri picha atafute inayofunika asilimia 100 ya rangi za sRGB, kiwango cha kawaida cha rangi za kompyuta. Kwa mwandishi au mhasibu, kuilipia hiyo ni kupoteza fedha.

Nenda dukani na laptopu yako. Unganisha kwa waya ule utakaoondoka nao, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague Extend ili skrini mbili ziwe uwanja mmoja. Pandisha mwangaza hadi mwisho na uiache dakika kumi, kwa sababu upungufu wa umeme huonekana hapo. Fungua ukurasa mweupe mtupu, kisha mweusi, utafute vidoa visivyobadilika. Tikisa kidogo waya kwenye tundu uone kama picha inakatika. Mwishoni isimamishe kwa jalada lake na uandike aya moja kwenye kibodi: jalada lisiloshika vizuri huiangusha skrini kila meza inapotikisika, na matundu yaliyo ubavuni huumia kwa kuanguka huko.