Gari Lililo Mbali, Liwashwe Likiwa Baridi

Kazi yangu ni kukagua magari kabla hayajanunuliwa, na wengi wanaonipigia simu hawajawahi kuligusa gari wanalotaka kulilipia. Wana picha tu. Picha siziamini sana, maana aliyezipiga ndiye aliyechagua upande wa kuonyesha. Ninachotaka ni simu ya video, na injini iwe haijawashwa tangu jana yake.

Injini iliyokwisha kupashwa moto huficha maradhi. Muuzaji afungue swichi kwanza bila kuwasha: taa za oili na injini ziwake zote, kisha zizimike injini ikishanguruma. Taa isiyowaka kabisa huenda imechomolewa. Halafu mtu wa pili ashike kamera nyuma, kwenye bomba la moshi. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua. Ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka. Mweusi, mafuta yanazidi. Mweupe mwepesi wa mwanzoni ni mvuke tu, usikutishe. Lakini ukizidi kutoka injini ikishapata moto, kuna maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda, na mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi, kizibo kilicho kati ya kichwa cha injini na bloku yake, ndiyo imeharibika. Hapo mimi humwambia mteja aachane nalo, hata bei iwe tamu namna gani.

Mkanda wa siti uvutwe hadi mwisho. Gari lililozama kwenye mafuriko husafishwa kila mahali, ila tope hubaki pale ndani. Rabu ya pedali ya breki ikiwa imelika hadi kuwa laini huku dashibodi ikisoma kilomita 30,000, usiiamini dashibodi.

Namba ya chesisi ionyeshwe kwenye bodi lenyewe, si kwenye karatasi peke yake, ndipo uilinganishe na hati. Kwa kawaida ina herufi na tarakimu 17, na I, O na Q hazitumiki. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana namba fupi zaidi, hilo lisikushtue.

Fedha usitume kabla ya haya yote, na jina la akaunti lifanane na jina la mmiliki kwenye hati. Ukiweza, lipa fundi wa huko huko akalikague kwa mikono yake. Fundi huyo umtafute mwenyewe, asiwe wa kuletewa na muuzaji.