Jumuiya ya wanasayansi wa hali ya hewa ni kitu gani?

Majira ya joto ya mwaka 1881, Clement Wragge, mtaalamu wa hali ya hewa, alikuwa akiukwea mlima Ben Nevis kila siku. Mlima huo uko Uskoti, una urefu wa mita 1,345, na hakuna mrefu kuushinda katika Uingereza nzima. Alitoka asubuhi na mapema, akasimama mahali alipopapanga njiani, akasoma kipimajoto na baromita, yaani kipimo cha shinikizo la hewa, akaandika, kisha akaendelea kupanda. Bondeni, mjini Fort William, mkewe alisoma vipimo vyake saa zilezile, ili tarakimu za kileleni zipate za kulinganishwa nazo karibu na usawa wa bahari. Serikali haikumtuma. Kazi ile aliifanyia Jumuiya ya Hali ya Hewa ya Uskoti, iliyoundwa mwaka 1855, nayo ikamtunuku medali ya dhahabu.

Jumuiya ya aina hii ni chama cha watu waliounganishwa na fani moja. Wanajiunga kwa hiari, wanalipa ada, wanachagua viongozi wao, na lengo lao ni kuiendeleza elimu ya anga. Ndani yake utamkuta mtafiti wa chuo kikuu, mtabiri wa zamu ya usiku, mwalimu, mwanafunzi, na hata mtu wa kawaida mwenye kipimamvua nyuma ya nyumba yake.

Wengi huichanganya na mamlaka ya hali ya hewa. Mamlaka ni chombo cha serikali: inamiliki vituo, inatoa utabiri wa kila siku, inatangaza tahadhari ya kimbunga. Juu yake lipo Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ambalo wanachama wake ni nchi na maeneo, si mtu mmoja mmoja. Jumuiya haitoi tahadhari wala haina mamlaka ya kumwamuru mtu. Kazi yake ni kuuliza maswali ambayo ofisi yenye zamu za mchana na usiku haipati nafasi ya kuyauliza, na kuyapima majibu yanayoletwa.

Turudi Ben Nevis. Baada ya kazi ya Wragge, jumuiya ilichangisha fedha kwa wananchi na mwaka 1883 ikafungua kituo cha kudumu kileleni. Wahudumu waliishi kulekule na kusoma vipimo kila saa, usiku na mchana, kwa takribani miaka ishirini. Theluji ilijaa hadi ikaziba mlango wa chini, kwa hiyo kituo kilijengewa mnara wa kutokea kwa juu. Fikiria mtu anayetoka usiku wa manane katika upepo wa namna ile, taa mkononi, kwenda kusoma kipimajoto ambacho saa moja baadaye kitasomwa tena. Mimi naiona kazi hiyo kuwa ndiyo kiini cha sayansi yenyewe.

Faida nyingine zilikuja bila kutarajiwa. Septemba 1894 mwanafizikia kijana, C. T. R. Wilson, alikaa kituoni hapo kwa muda mfupi. Akaona pete za rangi ambazo jua huzichora kuzunguka kivuli kinachoangukia ukungu, akatamani kuzitengeneza mwenyewe maabara. Jitihada hiyo ilimfikisha kwenye chombo kinachoonyesha njia za chembe ndogo zenye chaji ya umeme kwa vijistari vya ukungu, na mwaka 1927 akapata Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Kituo chenyewe kilikuwa kimefungwa tangu 1904 kwa kukosa fedha. Jumuiya nayo iliungana mwaka 1921 na Jumuiya ya Kifalme ya Hali ya Hewa, iliyokuwa na makao London wakati huo na iliyoanza mwaka 1850.

Kukusanya vipimo ni sehemu moja tu. Kazi nzito zaidi, na isiyoonekana, ni jarida. Tuseme mtafiti ameandika kwamba mvua katika kituo fulani imepungua kwa miaka thelathini. Mhariri wa jarida la jumuiya hapokei maneno hayo hivihivi. Anawapelekea wataalamu wawili au watatu wa fani hiyohiyo, nao wanauliza: je, kipimamvua kilihamishwa? Kuna mti ulioota karibu na kukizuia? Aliyekuwa akisoma alibadilika, na saa ya kusoma je? Mwandishi asipokuwa na jibu, makala inarudi. Wahakiki hao kwa kawaida hawalipwi. Ni kazi inayochosha, lakini bila hiyo, mti ulioota pembeni ya kipimamvua ungeandikwa vitabuni kuwa mabadiliko ya tabianchi.

Jarida pia hutunza wazo ambalo wakati wake haujafika. Edward Lorenz, mwanasayansi wa hali ya hewa wa Marekani, alikuwa akiendesha hesabu za hali ya hewa kwenye kompyuta alipoingiza 0.506 badala ya 0.506127. Tofauti hiyo ndogo ikakua mpaka mwenendo wote wa hali ya hewa katika hesabu zake ukawa mwingine kabisa. Mwaka 1963 alichapisha makala juu ya tabia hiyo katika jarida la Jumuiya ya Hali ya Hewa ya Marekani, iliyoundwa mwaka 1919. Kwa miaka kadhaa waliomsoma walikuwa wachache. Leo watabiri huendesha hesabu ileile mara nyingi, kila mara wakibadilisha kidogo hali ya kuanzia, kisha hutazama majibu yanakubaliana kiasi gani. Ukisikia kwamba uwezekano wa mvua ni asilimia sitini, nyuma yake kuna fikra hiyo.

Yapo na mengine: mikutano, tuzo kwa vijana, ufadhili wa masomo, kamusi ya istilahi ili neno moja lisimaanishe mambo mawili. Jumuiya ya Marekani ilianzisha pia, mwaka 1957, mpango wa kutoa nembo ya ubora kwa watangazaji wa hali ya hewa wa redio na televisheni, ili msikilizaji ajue anayemweleza habari za dhoruba anaielewa.

Fedha hutoka kwenye ada, viingilio vya mikutano, michango na mauzo ya majarida. Hapo ndipo ninapoona kasoro kubwa. Makala iliyohakikiwa kwa uangalifu wote huo ikifungiwa nyuma ya malipo, mtabiri wa nchi maskini anaachwa nje, ilhali mawingu anayoyatabiri ni sehemu ya anga lilelile. Baadhi ya jumuiya sasa hufungua majarida yao bure na kumdai mwandishi gharama, jambo linaloufungua mlango wa msomaji na kuubana wa mtafiti asiye na bajeti.

Madaftari ya Ben Nevis yalibaki kwenye makaratasi kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 2017 maelfu ya watu wa kujitolea waliyasoma kwa picha kupitia intaneti, wakanakili tarakimu zake moja baada ya nyingine, na sasa watafiti wanazitumia kuzichunguza upya dhoruba za enzi ile.