Wolf 359 si nyota ya kubuni

Ijumaa iliyopita niliisimamisha darubini yangu pale Lighthouse, Mombasa, baada ya isha. Kaskazi imelegea, watu wamejaa, kila mmoja na mhogo wake wa kuchoma uliopakwa pilipili na ndimu. Kijana mmoja alitaka kuliona kundi la nyota la Simba, lile ambalo wazee wa falaki huliita Asadi. Nilipomaliza kumwonyesha nikamwambia kwamba humo ndimo ilimo Wolf 359, ile ya vita vya Star Trek, tamthilia ya televisheni ya safari za angani. Akanitazama. "Mwalimu, si hiyo nyota ni ya kubuni? Ingekuwepo, tena karibu hivyo unavyosema, tungeiona." Walio nyuma yake wakaafiki. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, na kila mara najibu nusunusu kwa sababu foleni inasubiri. Leo hakuna foleni.

Vita ndivyo vya kubuni. Kwa asiyevijua: mwaka 1990, katika Star Trek: The Next Generation, meli 40 za angani zilijipanga kwenye nyota hiyo kuizuia meli moja tu ya Borg, maadui wa hadithi hiyo, mchemraba mkubwa, isifike duniani. Meli 39 ziliangamia, na watu karibu 11,000 pamoja nazo. Kwa kalenda ya hadithi ni mwaka 2367. Mara ya kwanza watazamaji walionyeshwa mabaki tu. Mapigano yenyewe yalikuja kuonekana mwaka 1993, mwanzoni mwa tamthilia iliyofuata, Deep Space Nine. Milipuko isingesikika, kwa kuwa hakuna hewa ya kubeba sauti. Hilo kila mtu analijua, tuliache.

Jina nalo huwapoteza watu, maana linasikika kama la sinema. Max Wolf alikuwa mwanafalaki wa Heidelberg, Ujerumani. Alikuwa akipiga picha za anga, kisha anazilinganisha na za miaka ya nyuma ili azikamate nyota zinazohama upesi. Akaziorodhesha. Hii ni namba 359 katika orodha yake. Waandishi wa tamthilia waliikuta tayari ina jina.

Sasa lile linalonichoma: "ingekuwa karibu tungeiona." Nani alitufundisha kwamba nyota inayong'aa ndiyo iliyo karibu? Kilimia, kile kikundi cha nyota, wanakijua wakulima na mabaharia wote wa pwani hii, tena tuna msemo wake: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kiko umbali wa miaka ya nuru 440 hivi (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), na bibi yangu alikuwa akikiona bila miwani. Wolf 359 iko miaka ya nuru 7.9, na hakuna binadamu aliyewahi kuiona kwa macho matupu. Au chukua Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku. Iko miaka ya nuru 8.6, yaani *mbali zaidi* kuliko Wolf 359. Magnitudi ni kipimo cha mwanga wa nyota, namba ikiwa ndogo nyota inang'aa zaidi: ya Sirius ni -1.5, ya Wolf 359 ni 13.5. Tofauti ni 15, na kila 5 ni mara mia. Piga mwenyewe: mara milioni moja. Nyota mbili zinakaa takriban umbali mmoja kutoka kwetu, moja inang'aa mara milioni kuliko mwenzake, halafu mtu aniambie mwanga ni kipimo cha ukaribu.

Na hata hilo neno "hafifu" lina mtego. Wanafunzi huniletea namba mbili: kitabu kimoja kinasema mwanga wa Wolf 359 ni sehemu moja ya elfu ya jua, kingine kinasema sehemu moja ya elfu hamsini, nao wanataka niamue kipi kimekosea. Hakuna kilichokosea. Uso wa nyota hii una joto la nyuzi kama 2,500 za Selsiasi, ambalo ni joto la ule uzi wa ndani ya balbu ya zamani, zile za kioo cheupe tulizokuwa tukining'iniza barazani. Iguse balbu hiyo ikiwaka: inakuunguza vidole. Nguvu yake nyingi inatoka kama infraredi, joto ambalo jicho halilioni. Wolf 359 ni hivyo hivyo. Ukihesabu nguvu yote inayotoka, ni kama sehemu moja ya elfu ya jua. Ukihesabu ile tu ambayo jicho linaipokea, ni kama sehemu moja ya elfu hamsini. Kitabu kisichosema kimehesabu nguvu gani kinamwacha mwanafunzi gizani, na vingi havisemi.

Tena si nyota ya ajabu. Takriban robo tatu ya nyota za galaksi yetu ni vibete vyekundu, nyota ndogo zenye mwanga hafifu kama hii. Hakuna hata kimoja unachokiona kwa macho matupu. Zile unazoziona ukilala juu ya dari usiku wa joto ni matajiri wa mji. Raia wenyewe hawaonekani kabisa.

Umbali nao. Weka chungwa la sentimita 7 mlangoni mwa Fort Jesus, liwe ndilo jua. Dunia ni chembe ya mchanga, mita saba na nusu kutoka hapo. Hujafika hata barabarani. Wolf 359 ni gololi ya sentimita moja, nayo iko Maskati, Omani. Nimepiga hesabu hii mara tatu kwa sababu ilinishangaza ilivyoangukia. Kutoka Maskati ndiko walikotoka Waomani waliokuja kuizingira ngome hiyo hiyo kuanzia 1696 hadi 1698. Walisafiri kwa pepo za msimu. Na katika anga, huyo ni jirani.

Kuna sayari huko? Hapa siwezi kujifanya najua. Mwaka 2019 watafiti walitangaza mbili zinazodhaniwa. Moja ilionekana kuizunguka nyota kwa siku 2.7, watu wakafurahi, kisha ikagundulika kwamba nyota yenyewe hujizungusha kwa siku 2.7. Walichokiona yaelekea ni madoa ya uso wake yakipita na kurudi. Ile nyingine, ya mzunguko wa karibu miaka minane, bado nina shaka nayo. Tena Wolf 359 ni nyota ya kulipuka: kwa dakika chache tu uso wake huwaka ghafla na kumwaga eksirei. Sayari yenye joto la kufaa maji ingelazimika kuikumbatia nyota kwa umbali wa kilomita milioni tano hivi, mwaka wake uwe kama wiki moja, na milipuko yote hiyo iipate usoni. Jeshi la meli 40 lingekuwa na la kuogopa hata kabla adui hajatokea.

Suala la mabaki nalo watu hulikosea. Wanafikiri vipande vya meli 39 vingelala pale pale kama makaburi. Hapa kwetu, meli ya Kireno Santo António de Tanná ilizama mwaka 1697 mbele ya Fort Jesus, wakati wa mzingiro huo huo. Wapiga mbizi walipoanza kuichimba mwaka 1977 waliikuta chini ya maji mbele ya ngome, kwa sababu bahari ina sakafu. Anga haina. Kila kipande kinaendelea na mwendo kiliokuwa nao dakika ya mwisho. Kilichokuwa umbali wa dunia na jua kutoka Wolf 359, kikiwa na mwendo unaozidi kilomita 14 hivi kwa sekunde, kinaondoka moja kwa moja, nyota haina uzito wa kukirudisha. Kilicho na mwendo mdogo kinabaki kinazunguka. Baada ya mwaka mmoja usingekuta makaburi. Ungekuta vipande vichache kwenye mizunguko yao, vingine vimekwenda zao. Na mwanga wa mapigano ungefika Mombasa karibu mwaka 2375.

Kuiona? Kutoka mjini nimeshindwa, taa za bandari zinaimeza. Mwezi wa pili tuliibeba darubini, ile ya inchi 8, hadi Msambweni, usiku usio na mwezi. Huku kwetu Wolf 359 hupita karibu na utosini, hilo ni jambo zuri. Baya ni kwamba inahama: kwa miaka mia husogea robo ya upana wa mwezi, kwa hiyo ramani ya zamani inakuonyesha pasipo. Safari yangu ya kwanza, miaka ya nyuma, nilirudi nyumbani nimefurahi, na leo nadhani niliitazama nyota nyingine. Safari hii nililinganisha na ramani mpya, nyota kwa nyota, zaidi ya saa nzima.

Haikuwa nyekundu. Jicho haliioni rangi kwenye mwanga mdogo hivyo. Ilikuwa nukta ya kijivu inayopotea ukiikazia macho na kurudi ukiitazama kwa pembeni. Mzee aliyetuendesha alikuwa amekaa garini muda wote, mwishowe akashuka, akainama kwenye darubini, akanyamaza kitambo.

"Mwalimu, hii ndiyo waliyopigania?"

Nikamwambia nyota ndiyo hiyo.