Kopi ya NIDA yako bado iko steshenari

Juzi kati niliingia steshenari moja pale Mwanjelwa kuprinti karatasi mbili tu, flashi nilikuwa nimeisahau ofisini kwa iyo nikaomba nifungue imeili nidaunlodi pale pale, sasa kufungua folda ya daunlodi nitafute faili langu nikaishiwa nguvu. Vyeti vya kidato cha nne vya watu, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, barua za serikali ya mtaa zenye picha na mhuri, na NIDA, yani vitambulisho vya taifa, mbele na nyuma za watu ambao wengine nawajua sura maana tunapishana sokoni kila siku. Dada wa pale hana ubaya wowote, ni mchapakazi, ila tangu asubuhi watu wamejaa wanaomba ajira na mkopo wa chuo, anaskani, anaambatanisha, anatuma, anakaa mwingine. Kufuta saa ngapi?

Mimi nafundisha TEHAMA chuoni hapa Mbeya na kila nikiitwa kuongea na watu kuhusu usalama wa mtandao wananiuliza habari za wadukuzi wa huko mbali. Wapo kweli. Lakini ndugu zangu wengi wanaokuja ofisini kwetu wanalia hela imeondoka, taarifa walizitoa wao wenyewe, kwa mkono wao, mchana kweupe.

Chukua iyo namba ya NIDA. Ina tarakimu 20 na zile 8 za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, inaanza na mwaka. Sasa PIN ya M-Pesa ina tarakimu 4, na nikiwauliza wanafunzi wangu nani kaweka mwaka wake wa kuzaliwa wanaanza kuangaliana, yani jibu unaliona usoni. Maana yake PIN yako imeandikwa kwenye kitambulisho chako! Mtu akikuchomolea simu na pochi kwenye daladala ya Uyole, ana simu, ana laini, ana NIDA, kilichobaki ni kujaribu. Tafadhali ibadilishe leo, na usiweke mwaka wa mtoto wala 1234 wala namba 4 za mwisho za simu yako, ndo vitu vya kwanza mwizi anajaribu.

Turudi steshenari, maana kuacha kwenda hatuwezi. Kama una simu janja nyaraka zako skani mwenyewe, programu ya Google Drive kwenye Android ina sehemu ya kuskani kwa kamera na inakutolea PDF safi kabisa, unabaki na kazi ya kuprinti tu. Ukilazimika kukaa kwenye kompyuta yao na wanatumia Chrome, bonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja, litafunguka dirisha la siri, ukishalifunga kompyuta haibaki na paswedi yako wala kurasa ulizopita. Ila faili ulilodaunlodi LINABAKI, hapa ndo watu wanakosea, dirisha la siri halifuti faili. Lifute mwenyewe kwa Shift na Delete kwa pamoja, maana ukibonyeza Delete peke yake linaenda kukaa kwenye kapu la taka na yeyote anaweza kulirudisha. Usione aibu kumwambia mwenye duka, "Dada naomba tufute na ile uliyoskani." Ni haki yako, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inataka taarifa za mtu zitumike kwa kazi iliyokusudiwa na zisikae kuliko inavyohitajika.

Na kama umeshatoka, umefika nyumbani Iyunga ndo unakumbuka imeili hujaifunga, usihangaike kurudi. Kwenye simu yako fungua akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama, utaona orodha ya vifaa ambavyo akaunti imefunguliwa, itoe ile kompyuta ukiwa hapo hapo kitandani. WhatsApp nayo ina sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, pitia mara moja moja, ukikuta kompyuta usiyoijua iondoe.

Flashi iliyotoka steshenari ukiona mafoda yote yamegeuka shotikati usibofye bofye, ni kirusi, mafaili mara nyingi yapo ila yamefichwa, ipeleke kwa fundi.

Sasa simu za matapeli. Ile meseji ya "ile hela itume kwenye namba hii" watu wanaicheka, lakini inatumwa kwa watu wengi kwa mpigo, na katika hao hakosekani mzee wa Rungwe ambaye kweli asubuhi ile alikuwa anataka kumtumia mtu hela ya mbolea ya viazi. Hapo sio ujinga wake, ni muda umegongana. Kabla ya kutuma mpigie mtu kwenye namba yake ya zamani umsikie sauti, dakika moja tu inatosha. Anayejiita huduma kwa wateja wa mtandao wako, kama hajapiga kwa namba 100 kata. Meseji ya kitapeli itume kwenda 15040. Na mtu akikuambia, "Samahani kuna namba 6 zimekuja kwako kimakosa, nirudishie," izo ni za kufungulia WhatsApp yako, ukizitoa ndani ya nusu saa anaomba hela kwenye kundi la kikoba kwa jina lako na watu watamtumia kwa sababu wanakuamini. Weka uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp, unajiwekea PIN ya tarakimu 6, bila hiyo hafunguliwi hata akiwa na zile namba.

Kitu kingine, piga *106# ufuate maelekezo, itakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Pasaka nilipiga na mama yangu kijijini Tukuyu, tukakuta namba moja wala haijui. Kesho yake tukaenda na kitambulisho chake kwenye duka la mtandao ule, wakaifunga.